Randa ya bluu imeondoka leo

Leo nimeuza randa yangu ya mkono ya kulainishia mbao, ya kampuni ya Record, namba 04, ile ya bluu, na tangu saa nane mchana nazunguka tu bandani kama mtu aliyesahau kitu. Niliinunua 2009 Kirumba, Mwanza, kwa mzee mmoja fundi mitumbwi aliyekuwa anarudi kwao Ukerewe, elfu 40, na kipindi hicho nilijiona nimepigwa maana randa mpya ya bei chee dukani ilikuwa nusu ya hapo. Leo imetoka kwa laki na kumi. Najua shilingi ya 2009 sio ya leo, hilo sibishi, ila miaka yote hiyo imenilisha, milango, vitanda, madirisha, mininga migumu kama mawe, halafu bado inaondoka na hela kuliko ilivyoingia!

Kuna nyingine niliwahi kununua mpya, ya bei chee. Kisu kinaisha makali hata ubao mmoja hujamaliza, ukikaza skrubu kinahama, mwisho uzi wa skrubu ukaliwa kabisa. Nikampa kijana wa chuma chakavu, akaitupia kwenye mizani pamoja na masufuria yaliyotoboka, akanipa buku na mia tano. Hapo ndo nilielewa kuna kifaa kinauzwa kwa jina na kuna kifaa kinauzwa kwa kilo.

Huyu mteja wa leo katoka Sengerema, kavuka na kivuko cha Kamanga asubuhi, na nilipenda alivyoikagua. Kutu kidogo ya ubavuni hakuiangalia hata. Aliigeuza, akalaza rula kwenye tumbo la randa, akainua juani aone kama mwanga unapenya chini ya rula. Akachomoa kisu, akapima kwa kidole kimebaki kiasi gani mpaka kwenye lile tundu refu la katikati. Mpini wa nyuma sio wake, nilichonga mwenyewe wa mninga, hakujali na yuko sahihi, mpini ni mbao tu.

Akaniuliza, "Shikamoo tena fundi, hiki kisu kikiisha napata wapi kingine?" Swali la mtu anayejua kazi. Nikamwambia cha randa ya kampuni ya Stanley namba 4 kinaingia, maana umbo lenyewe ni la Bailey, Mmarekani, Stanley walinunua haki zake 1869 na hawa Record wa Sheffield, Uingereza, wakafuata humo humo. Mimi naamini hapo ndo bei yake inaposhikilia. Watu wanasifia chuma cha Uingereza, sawa, ni kizuri, lakini chuma kizuri kisichokuwa na spea kinabaki pambo la kabatini.

Alianza na elfu 70. Sikushuka sana, ada ya chuo ya binti yangu inatakiwa mwezi huu, ila nilimwongezea kinoo changu kimoja na kichupa cha mafuta. Mimi nimebaki na randa yangu namba 5, nitasukuma nayo.

Saa hizi kanitumia picha, ubao wa mninga juu yake maranda marefu yamejikunja, membamba mpaka vidole vyake vinaonekana kwa nyuma. Hajaandika kitu. Nimemjibu asiiache hivyo usiku, aikaushe aipake mafuta kisu na tumbo, maana kwake ni karibu kabisa na ziwa na unyevu wa kule unakula chuma.