Nilingoja mvua kwanza: nilivyonunua nyumba Bukavu

Nyumba ya kwanza tulionyeshwa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, upande wa Kadutu, mwezi wa nane, kiangazi, vumbi jekundu limelala juu ya majani ya migomba. Rangi mpya, mabati yanang'aa, uwanja umefagiliwa. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alisema kuna watu wawili wengine wanaoitaka, kwa hiyo tulete avansi, malipo ya mwanzo, kesho yake. Mume wangu alikuwa tayari. Lakini mimi nilijua pesa ile ilivyopatikana: miaka kumi na moja ya likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na wenzangu tunaouza vitenge soko la Nyawera, pamoja na shamba dogo la baba mkwe kule Walungu. Nikasema nitarudi na fundi.

Wenzangu wote sokoni waliniuliza habari za hati. Hakuna aliyeniuliza habari za udongo. Nami siwalaumu, kwa sababu kesi za viwanja zimetuchosha sote. Lakini mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano ya zamani ambayo yameoza yakawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, tena kwenye miteremko inayoshuka hadi Ziwa Kivu. Kule mtaa wa Funu ardhi inateleza polepole miaka nenda rudi, na watu wanazidi kujenga juu yake. Halafu tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, maji na matope vilishuka Kalehe, kaskazini mwa mji wetu, vikafagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Mwenzangu wa meza ya jirani alizika ndugu zake kule. Tangu siku ile, nikisikia mvua ya usiku silali kama zamani.

Fundi niliyemchukua ni mwashi wa parokia yetu, mtu mzima, amejenga tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Tunamwita Muzee tu. Tulikubaliana dola 40 kwa kazi ya siku nzima, na baadhi ya ndugu zangu waliona ni kutupa pesa.

Hakuingia ndani. Alisema, "Mama, tupande kwanza juu, tuone maji ya hawa wa juu yanaenda wapi." Tukapanda. Akanionyesha mikaratusi mitatu ambayo mashina yake yalikuwa yamepinda karibu na ardhi, halafu yakanyooka kutafuta jua. Akasema mti haupindi hivyo bila sababu. Udongo unashuka nao kidogo kidogo, nao kila mwaka unajirekebisha. Mabati ya nyumba mbili za juu yalimwaga maji yote kwenye mfereji mmoja mwembamba uliojaa mifuko ya plastiki. Mfereji ule ulikuwa unaishia wapi? Nyuma kabisa ya ukuta wa mawe ulioshikilia udongo juu ya nyumba tuliyotaka kununua.

Na ukuta wenyewe ulikuwa umetoa tumbo. Muzee aliupapasa kuanzia mwanzo hadi mwisho akitafuta matundu. Ukuta wa namna hiyo lazima uachiwe matundu au mabomba madogo ya kutolea maji. Bila hivyo maji yanajazana nyuma yake, udongo unakuwa mzito, na siku moja ukuta unasukumwa. Hakupata hata tundu moja.

Ndani kulikuwa na ufa juu ya mlango wa jikoni, unapanda kwa mshazari. Mwenye nyumba alieleza kuwa ni wa tetemeko la 2008. Tetemeko lile tunalikumbuka sote, tarehe 3 Februari, Jumapili, kipimo cha 5.9, na kweli nyumba nyingi za Bukavu bado zina alama zake. Muzee hakubishana naye. Alichukua msumari akakwangua ndani ya ufa, akanionyesha: hakuna vumbi, hakuna utando wa buibui, na lipu mpya nayo imepasuka. Kisha akaomba ruhusa, akakoroga jasi nyeupe kidogo, akapaka vipande vitatu vyembamba vikikatiza ufa, akaandika tarehe kwa kalamu ya risasi. Jasi haivutiki. Ukuta ukisogea hata kidogo, jasi inapasuka. Kama ufa ni wa zamani na umetulia, jasi itabaki nzima.

Komisioneri alikasirika. Niliahidi kurudi baada ya mvua kuanza, na sikuacha hata dola moja. Jambo hili ndilo ninalomwomba kila anayenunua kwetu: usitoe avansi kiangazi. Mvua zetu zinaanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi wa tano. Kungoja wiki chache hakuna hasara kulinganisha na kuhamia nyumba usiyoijua.

Nilirudi mwishoni mwa mwezi wa tisa, saa kumi jioni, mvua ikinyesha kwa nguvu, bila kumwarifu mtu. Nilivaa buti za mume wangu. Njiani maji yalikuwa yanashuka kama mto, mekundu, yamebeba chupa na majani. Nilipobisha, mama mwenye nyumba alifungua akiwa na ufagio mkononi. Maji yalikuwa yanaingia kwa mlango wa jikoni. Watoto wawili walikuwa wanapandisha magodoro juu ya meza, bila kelele, kila mmoja anajua upande wake wa kushika. Walikuwa wamezoea. Pale ambapo mwezi wa nane palikuwa na kabati kubwa, sasa niliona ukuta wenyewe: alama ya matope ikifika karibu na goti langu, imepakwa rangi juu yake.

Niliangalia jasi. Vipande viwili kati ya vitatu vilikuwa vimekatika, kimoja kikiwa wazi kiasi cha kuingiza ukucha.

Mama yule aliniona nikitazama. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, na mimi nimezaa. Nilitaka kukuambia tangu siku ile, lakini tumechoka na nyumba hii." Nilimsaidia kufagia maji hadi mvua ilipopungua, nikaenda zangu. Bado ninawafikiria, kwa sababu wao hawana mahali pa kwenda, na atakayenunua ataingia na watoto wake mle mle.

Ya pili tuliipata mwezi wa kumi na moja upande wa Panzi. Si nzuri kwa macho. Lakini mara hii nilikataa kuiona siku ya jua. Nilienda siku ya mvua, Muzee naye akaja na mabuti yake. Iko juu ya mgongo wa kilima, mwamba unaonekana nyuma ya choo, maji yanagawanyika pande mbili kabla ya kuifikia. Ilikuwa na magonjwa yake: mbao za paa zimeliwa na mchwa upande wa magharibi, fosi septiki, yaani shimo la maji machafu ya choo, imejaa na iko karibu mno na ukuta wa chumba, mabati hayana mfereji hata mmoja. Hayo yote yanatengenezeka kwa pesa. Mteremko unaotembea, utautengeneza kwa nini? Ufa wa sebuleni tuliupaka jasi, tukangoja wiki sita za mvua. Haikupasuka.

Hati nazo tulizipitia. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali, anayenunua anapata nyumba pamoja na haki ya kutumia kiwanja, na uthibitisho ni sertifika, hati inayotolewa na konsevateri, afisa wa hati za ardhi. Tulienda wenyewe kuhakikisha kwamba jina na namba vinalingana na daftari lao, tukaomba mtu wa kadasta, ofisi ya upimaji wa viwanja, aje kupima. Akakuta ua umeingia kwa jirani karibu mita moja. Tulilimaliza na jirani yule mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kabla ya kusaini, si baada.

Siku ya bei niliweka mezani karatasi ya Muzee, kila kasoro na gharama ya kuirekebisha. Mwenye nyumba aliisoma polepole, akaita kijana wake naye aisome. Alipunguza dola 1,500. Tulilipa kwa awamu mbili mbele ya mashahidi, ya pili baada ya fosi kuhamishwa.

Mwezi wa nne uliopita mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Usiku wa pili niliamka, nikachukua tochi, nikazunguka nyumba: mifereji mipya inamwaga kwenye pipa, pipa linamwaga kwenye mfereji wa mawe, mfereji unashuka hadi barabarani. Nikarudi kitandani, nikalala. Mume wangu alipopaka rangi sebule mwezi uliofuata, kile kipande cha jasi hakukigusa. Alikizungusha kwa brashi ndogo, na tarehe ya Muzee bado inasomeka.