Mtaro wa Njugu

Jumatatu mvua ilitukatia njia ya shule. Mtaro wa pale kwa fundi wa viatu ulikuwa umejaa maji mekundu, na binti yangu akagandia ukingoni. Bila kufikiri nikagonga ulimi kwenye kaakaa mara mbili: tk, tk. Akanigeukia.

"Baba, mimi si farasi."

Nikacheka, lakini siku hiyo yote nilibeba abiria kwenye boda huku kichwani nimempakia Njugu.

Njugu, yule farasi wa Karen, Nairobi, wa rangi ya ganda la karanga, enzi nikiwa saisi, mtunza farasi. Alikuwa na miaka minne, ametolewa kwenye mbio za farasi za Ngong kwa kukosa kasi, na mwenye farasi akataka tumfundishe kuruka vizuizi vya porini. Magogo aliyazoea upesi, ingawa ya porini hayadondoki ukiyagonga kama fito za uwanjani. Nikavimba kichwa. Ndipo tukafika kwenye kimtaro kikavu ambacho hata mbuzi angekipita akitafuna.

Farasi haoni kilicho chini ya pua yake. Njugu akainama, akapuliza vumbi, akarudi nyuma hatua tatu. Akaja tena, akarudi. Saisi mkuu, mzee aliyenifundisha kazi, alikuwa amekaa kwenye nyasi, kofia usoni.

"Usiutazame mtaro, kijana. Ukiutazama ndimo mtakamoingia. Tazama ule mgunga ng'ambo. Na ushike nywele za shingo."

Mgunga niliutazama. Nywele nikazisahau.

Nilihisi moyo wa Njugu ukidunda kwenye shavu la mguu wangu wa kushoto. Masikio yote mawili yakaelekea mbele. Hakukimbia, hakupiga hata hatua: aliruka pale pale aliposimama, kama paka aliyekanyagwa mkia, juu mno kwa mtaro mdogo vile. Kiwiliwili changu kikabaki nyuma, mikono ikabaki na hatamu, na lijamu likamvuta kinywa angali hewani. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa farasi, fupi, kama mtu aliyekatizwa akisema jambo.

Tulipotua, mzee alivaa kofia yake vizuri.

"Amekuamini, ukamlipa hivyo."

Ilichukua majuma sita kabla hajauruka tena, akifuata mkia wa jike mkongwe asiyeshtuka kwa lolote, nami nimekamata nywele kwa ngumi mbili. Baadaye akashindana, akauzwa, nami nikaacha kazi. Kama alisahau, sijui. Husemwa farasi hasahau, ila husemwa hivyohivyo juu ya ngamia, na juu ya wakwe.

Jana mtaro ulikuwa bado umejaa. Binti akaninyoshea mkono. Nami nikanyosha wangu, nikakumbuka, nikaurudisha mfukoni. Akaruka peke yake. Akafika, isipokuwa kiatu kimoja.

Akakitazama kile kiatu, akanitazama mimi.

"Si ungenishika tu, Baba?"