Kufungua breki za drumu katika jimbo la theluji

Kwa sisi tuliozoea kumkabidhi fundi ufunguo asubuhi pale Gerezani, Dar es Salaam, na kulichukua gari jioni likiwa tayari, gharama za gereji za Minnesota humlazimisha mtu kufikiri upya, kwa sababu saa moja ya kazi ya fundi mara nyingi hupita dola 100 kabla hata kipuri kimoja hakijanunuliwa. Ndiyo maana breki ya mkono ya Corolla yangu ya mwaka 2006 ilipoanza kupanda juu mno kabla ya kushika, niliamua kuzifungua mwenyewe breki za nyuma, ingawa sikuwa nimewahi kuzigusa. Shuu (vipande vinavyosugua ili gari lisimame) za pande zote mbili pamoja na seti ya springi mpya havikufikia bei ya hiyo saa moja. Nawaandikia ndugu walioko kwenye majimbo ya baridi, kwa kuwa maelezo mengi ya kazi hii huzungumzia gari lisilo na kutu, na magari yetu huku sivyo yalivyo.

Breki ya drumu ni ya zamani, lakini imebuniwa kwa akili. Ukikanyaga pedali, mafuta ya breki huingia kwenye silinda ndogo iliyo ndani ya gurudumu, pistoni zake mbili hutoka kila moja upande wake, nazo huzisukuma shuu mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo hadi ziubane ukuta wa ndani wa drumu, yaani kopo la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Gari likiwa linakwenda mbele, shuu ya mbele huvutwa na mzunguko wenyewe ikazidi kukaza. Kwa kuwa uzito wa gari huegemea mbele wakati wa kusimama, kazi kubwa hufanywa na breki za mbele, na za nyuma huweza kukaa miaka mingi bila mtu kuzitazama. Huo ndio muda ambao chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hufanya kazi yake.

Maandalizi ni mafupi, lakini hayana mjadala: gari liwe mahali tambarare, magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vigingi, na uzito ukae juu ya stendi za chuma, kamwe usibaki juu ya jeki. Breki ya mkono lazima iachiwe, vinginevyo drumu haitatoka.

Na hata ikiachiwa, huku kwetu haitoki kirahisi. Kutu huishikanisha drumu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, pale katikati, na ndani huota ukingo unaozikamata shuu. Toyota waliweka matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wa drumu. Unaingiza bolti mbili za milimita 8, unazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, nazo huisukuma drumu nje pole pole. Kwanza nilisafisha nyuzi za matundu hayo kwa brashi ya waya, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka habu na kuyaacha yapenye. Baada ya hapo ni kukaza kidogo, kugonga drumu kwa nyundo katikati ya matundu ya nati, kisha kukaza tena, hadi usikie mlio mkali wa chuma kikiachana na chuma. Ikiwa bado ukingo unazishika shuu, nyuma ya sahani ya breki, yaani bamba lililobeba shuu, kuna tundu lenye kizibo cha mpira, na kupitia hapo bisibisi mbili huweza kurudisha nyuma kirekebishi, kifaa kinachopanua shuu kadiri zinavyolika: moja inainua wenzo wake, nyingine inazungusha gurudumu lake la meno.

Vumbi linaloonekana hapo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku asbesto aina ya krisotili, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, mwaka 2024 tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuhakikishia kilichomo ndani ya shuu za gari la zamani. Vaa barakoa inayofaa, lowesha kila kitu kwa dawa ya kusafishia breki, na uache uchafu udondokee kwenye beseni. Mafundi wetu nyumbani hupuliza vumbi hili kila siku, na jambo hilo linanihuzunisha kwa dhati.

Springi ndizo zinazowatisha watu, na ni haki yao. Fungua upande mmoja tu na uache wa pili ukiwa mzima, ili uwe na mfano wa kutazama, na piga picha kabla ya kugusa chochote. Vaa miwani, kwa maana springi ikiruka haina huruma. Kirekebishi cha kushoto na cha kulia hugeuka pande tofauti, hivyo visichanganywe. Nilikifungua, nikakisafisha nyuzi na kukipaka grisi ya joto kali kidogo sana, kama nilivyofanya kwenye vituo ambapo shuu hugusana na sahani. Sehemu ya kusugulia isiguswe na grisi hata kwa kidole.

Kabla ya kurudisha shuu, inua taratibu mpira wa silinda. Ukiwa na mafuta ndani, silinda inavuja na inapaswa kubadilishwa, kisha hewa itolewe kwenye mfumo. Silinda zangu zilikuwa kavu. Pedali isikanyagwe wakati drumu iko nje, la sivyo pistoni zitatoka.

Drumu yenyewe pia hupimwa. Kwenye Corolla hii kipenyo cha kawaida ni milimita 200, na ikifika 201 imekwisha. Shuu hupanuliwa kwa kirekebishi hadi drumu ipite kwa msuguano mwepesi unaosikika ikizungushwa kwa mkono, pande zote mbili sawa, kisha ndipo waya wa breki ya mkono urekebishwe. Anayeanza na waya atakuwa anaficha pengo la shuu. Nati za tairi nilizikaza kwa niutoni mita 103, nikajaribu breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo kwenye maegesho matupu, na baada ya safari ya kwanza ndefu nikazipima tena nati zote.