Dumu Lililovimba

Desemba 2004, nikiwa mwaka wa tatu wa masomo ya sayansi ya vyakula Kampala, nilikwenda likizo Mbarara kwa shangazi yangu, ambaye tangu mume wake astaafu jeshini alikuwa akiuza mtindi kwa kikombe kwa familia za askari. Nyumbani kwake tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa sote tulilelewa kambini. Mtindi wake ulikuwa na sifa ambayo wateja waliitaja hata kabla ya uchachu wake: ulinukia siagi mbichi, ingawa hakutia humo siagi wala samli. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akatia nusu kikombe cha chachu kutoka katika kibuyu alichorithi kwa mama mkwe wake, kisha akayaacha usiku kucha.

Jioni moja nilimsaidia kufunika dumu la lita 10, na kwa kuhofia vumbi nilikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Alfajiri tulilikuta limevimba, kitako kimetuna hata halikuweza kusimama wima, na nilipolegeza kifuniko hewa ilifoka kwa mlio na povu likanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nimesoma kwamba gesi katika maziwa ni dalili ya bakteria wa kinyesi au ya hamira ya porini, na mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa watoto wadogo wa kambini. Nilimwambia shangazi amwage mtindi wote, amwage na chachu, kisha akisuuze kibuyu kwa maji yanayochemka.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma,” alisema, akakiinamisha kibuyu juu ya mtaro. Hakubisha, na mpaka leo ukimya wake unanikaa moyoni.

Nilikuwa nimechota kidogo katika chupa safi, nikaisafirisha kwa basi hadi Kampala ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, nikitaka kuthibitisha hukumu yangu. Mwezi Januari maabara ilinikanusha. Sahani za kuoteshea bakteria wa kinyesi hazikuota kitu. Chini ya hadubini sikuona hamira hata moja, bali bakteria wa duara waliokaa wawili wawili na katika minyororo mifupi, kama walivyo bakteria wengi wa asidi ya laktiki, yaani wale wanaochachusha maziwa. Basi gesi ilitoka wapi? Niliandaa tyubu mbili za kioevu cha kuoteshea, kila moja ikiwa na kityubu kidogo kilichopinduliwa ndani yake ili kunasa gesi. Ya kwanza niliitia sukari peke yake, ya pili sukari pamoja na sitreti, yaani chumvi ya asidi ya sitriki. Kesho yake zote mbili zilikuwa zimechafuka kwa bakteria, lakini kityubu cha ya kwanza kilikuwa kimejaa maji mpaka juu, na cha pili kilikuwa na kiputo cha gesi cha ukubwa wa punje ya mtama.

Nilikitazama kiputo kile kwa muda mrefu. Maziwa ya ng’ombe yana sitreti kiasi cha gramu 1.5 hadi 2 kwa lita, kiasi kidogo mbele ya sukari yake, na bakteria hawa hawawezi kustawi kwa sitreti peke yake. Huitumia sambamba na sukari. Maziwa yanapoanza kuchacha, sitreti huingia ndani ya seli ikipishana mlangoni na lakteti, yaani chumvi ya asidi ya laktiki, inayotoka. Iingiayo ina chaji hasi mbili na itokayo ina moja, kwa hiyo kila mpishano huongeza chaji hasi ndani, na tofauti hiyo kati ya pande mbili za utando wa seli ni nishati ambayo seli huitumia. Ndani, kimeng’enya huikata sitreti kuwa vipande viwili, aseteti na oksaloaseteti. Oksaloaseteti hupoteza kabonidioksaidi na kubaki pairuveti. Pairuveti ikizidi, molekuli mbili huunganishwa huku kabonidioksaidi nyingine ikitoka, na sehemu ndogo ya zao hilo, ikikutana na oksijeni, hugeuka yenyewe kuwa diasetili. Diasetili ndiyo harufu ya siagi. Gesi niliyoiogopa na harufu iliyowavuta wateja zilitoka katika mfereji mmoja.

Darasani tulikuwa tumefundishwa jambo la jamii hiyo kwa mfano wa mvinyo: bakteria aitwaye Oenococcus oeni huigeuza asidi ya maliki kuwa asidi ya laktiki na kabonidioksaidi, na ukali wa mvinyo hupungua. Niliandika yote daftarini nikidhani ni habari za mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, nisidhani hata siku moja kwamba kibuyu cha nyumbani kwetu kilikuwa na kazi inayofanana nayo.

Niliamua kumrudishia shangazi chachu yake. Kila juma nilihamishia bakteria wale katika kioevu kipya chenye sukari tupu, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Kwa bakteria wa aina hii, jeni ya mlango wa sitreti hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kupotea seli zinapogawanyika, hasa pale kisipohitajiwa. Kufika Pasaka walikuwa wakigandisha maziwa vizuri, lakini hapakuwa tena na kiputo wala harufu.

Nilikwenda hivyo hivyo, nikamweleza shangazi kila kitu na kumwomba radhi. Alinusa tyubu yangu, akatikisa kichwa, kisha akamtuma mtoto kwa jirani ambaye miaka mingi nyuma alikuwa amemgawia chachu ile. Mtoto alirudi na kikombe kilichofunikwa kwa sahani. Usiku ule tulichemsha maziwa, tukayapoza, tukatia nusu kikombe. Nilinyoosha mkono kuchukua kifuniko, lakini shangazi aliniwahi: alikiweka juu ya dumu, akakizungusha mara moja tu, akakiacha kimelegea.