Udokozi dukani: yupi nampeleka polisi, yupi namalizana naye

Nilifungua duka la kujihudumia Kihonda, Morogoro, mwaka 2016. Si duka kubwa: rafu tano, friji mbili, kaunta moja karibu na mlango. Kabla ya hapo nilikuwa na duka la dirishani, lile la nondo, mteja anaagiza na wewe unampa mkononi. Kule sikuwahi kuibiwa hata kiberiti. Nilipowaruhusu watu waingie wachague wenyewe, mauzo yalipanda, na shoti nayo ikaanza. Kila nikifunga hesabu ya mwezi, vilivyobaki havilingani na vilivyouzwa. Viwembe, betri, losheni ndogo, majani ya chai, vitu vya kuingia kiganjani.

Wa kwanza kumkamata alikuwa kijana wa miaka kama 19. Losheni ya shilingi 4,500 alikuwa kaifutika kiunoni, chini ya fulana. Msichana wangu wa kaunta alimwona, akanikonyeza, nami nikamfuata hadi mlangoni. Alipoanza kukimbia nikapiga kelele: "Mwizi!"

Aliyekulia kwenye miji yetu anajua neno hilo linaita nini. Kabla sijamaliza kuvuta pumzi, vijana wa bodaboda walikuwa wameshamzunguka, na wapita njia, na fundi viatu ambaye siku zote namjua kwa upole wake. Mmoja alikuwa na tofali mkononi. Hakuuliza kijana kaiba nini. Nilimwona yule kijana ameanguka, amejikinga kichwa kwa mikono, na losheni imemchomoka kiunoni ikaviringika hadi ukingo wa mtaro. Nikapiga kelele tena, safari hii kuwazuia, lakini hakuna aliyenisikia.

Mimi na mlinzi wa duka la dawa la jirani tulimburuta hadi ndani, nikashusha geti. Tulikaa naye gizani, watu wa nje wanapiga bati kwa ngumi: "Mtoe! Mtoe!" Damu ilimtoka kwenye sikio. Akaniambia, "Mama, naomba maji." Nilichukua chupa kwenye friji nikamnywesha, mkono wangu unatetemeka kiasi kwamba nusu ilimmwagikia shingoni. Nilikuwa najiambia kwamba huyu akifa hapa, nitakuwa nimemuua mimi, kwa losheni ya 4,500.

Polisi walikuja. Akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi, akapelekwa hospitali, mimi nikaenda kituoni kuandikisha maelezo na kupewa RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Nilijua ndiyo mwisho wa mambo, kumbe kesi ndiyo kwanza inaanza.

Kesi ilifika mahakama ya mwanzo. Nilihudhuria mara nne. Mara ya kwanza hakimu alikuwa na udhuru. Mara ya pili msichana wangu, ambaye ndiye aliyeona kwa macho yake, alikuwa ameacha kazi amerudi kwao Kilosa, na simu yake haipatikani. Mara ya tatu tukapangiwa tarehe nyingine. Kila siku ya kesi nilifunga duka hadi saa nane mchana, na asubuhi ndiyo saa ya mkate, maziwa na sukari. Hapo sijataja nauli. Ile losheni niliiona tena mezani kwa karani, kielelezo, imezungushiwa gundi ya karatasi yenye namba ya jalada, mfuniko umepasuka. Kijana hakuwa na ndugu mjini wa kumdhamini. Dhamana ilikuwa wazi, mdhamini hakuna, kwa hiyo akawa anatoka mahabusu na kurudi mahabusu. Tarehe ya nne niliomba kuondoa malalamiko. Hakimu akaniuliza kama nimetishwa au nimelipwa. Nikamwambia hapana, nimechoka na nadhani huyu mtoto ameshaadhibiwa. Akakubali. Kijana alipita mbele yangu bila kuniangalia, na mguu mmoja alikuwa anauburuta.

Baadaye nilimuuliza ndugu yangu mmoja anayejua sheria. Akanieleza kwamba kifungu cha 265 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka adhabu ya wizi wa kawaida hadi miaka 7 jela, na kwamba kifungu hicho hakina mlango wake kwa sabuni na mlango mwingine kwa televisheni. Wizi ni wizi. Uzito wake anaupima hakimu wakati wa kutoa adhabu. Mimi nililitafakari sana hilo. Kama sheria inamwachia hakimu kupima mwisho wa safari, basi mwenye duka naye anatakiwa kupima mwanzo wa safari, kabla hajamtia mtu kwenye gari la polisi.

Kwa hiyo nilibadilisha utaratibu wangu wote.

Kwanza nilipunguza vishawishi. Viwembe, betri, maziwa ya watoto na losheni ndogo vikahamia nyuma ya kaunta. Rafu ya katikati niliikata ikawa ya kimo cha kifua, ili aliye kaunta aone vichwa na mikono. Kona ya mafuta ya kula nikaweka kioo kilichobinuka. Na anayeingia lazima asalimiwe: "Shikamoo mama, karibu, unatafuta nini?" Hilo la salamu halina gharama, na naapa limenisaidia kuliko kamera niliyonunua baadaye. Mtu aliyesalimiwa kwa kutazamwa usoni anajua ameonekana. Kuhesabu rafu za hatari sikungoji tena mwisho wa mwezi, nahesabu Jumatano na Jumamosi.

Pili, nilipiga marufuku neno lile dukani kwangu. Tukimshuku mtu, mfanyakazi anamwendea karibu na kumwambia kwa sauti ya kawaida, "Dada, kuna kitu umesahau kulipia, njoo kaunta." Wengi wanarudisha hapo hapo. Wengine wanajifanya kweli wamesahau, na mimi nakubali, kwa sababu wapo waliosahau kweli. Anayekataa tunamwitia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ofisi yake haiko mbali.

Tatu, nikaanzisha daftari. Hapa ndipo alipoingia mama lishe.

Mama huyu ni mtu mzima, anapika wali maharage chini ya mwembe mkabala na duka, na wafanyakazi wangu walikuwa wanakula kwake kila siku. Mwaka 2019 hesabu ya viungo ilikuwa haikai. Siku moja nikamwona mwenyewe kwenye kioo: ameshika kanga kama anaifunga upya, na vipakiti vya binzari na vidonge vya mchuzi vinaingia kwenye pindo. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi, vinafanya kazi polepole, bila papara, kama anayechambua mchele. Nilimfuata stoo nikafunga mlango. "Mama, fungua kanga." Akafungua. Hakukana. Akakaa juu ya gunia la sukari akasema, "Mwanangu, mchele umepanda, na nikipandisha sahani hawa vijana hawali kwangu."

Tulipiga hesabu pamoja ya siku zote alizokumbuka, ikafika shilingi 23,000. Nilimwita mwenyekiti, tukaandika: jina, kilichochukuliwa, bei, atalipa 1,000 kila Jumamosi, sahihi yake, yangu na ya mwenyekiti. Akaniomba alipe kwa chakula cha wafanyakazi. Nilikataa. Sikutaka wafanyakazi wangu wale sahani ya deni la mtu, halafu siku moja waulize mbona mama hachukui hela. Alilipa yote, Jumamosi 23. Mbili alichelewa, akaja Jumatatu.

Sasa mlinganishe na mwanamume mmoja aliyekuja mwaka 2021 na koti zito wakati Morogoro jua linawaka. Tulimkuta na viwembe vya shilingi 6,000. Kwa bei tu, ni kama robo ya deni la mama lishe. Lakini koti lake lilikuwa limeshonewa mifuko ndani, kushoto na kulia, kwa uzi mzuri wa cherehani, na mwenzake alikuwa kaunta anamchanganya binti yangu kwa kutoa na kurudisha noti. Huyo sikumwitia mwenyekiti. Nilipiga simu polisi, nikaandikisha maelezo, nikahakikisha safari hii wote tulioona tumeandika na namba zetu zipo, na nilienda mahakamani kila nilipoitwa hadi alipohukumiwa. Naamini nilifanya sawa mara zote mbili. Bei ya kitu hainiambii mengi. Naangalia kimeenda kufanya nini, kimechukuliwa mara ngapi, na mtu alijiandaa vipi.

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya nyumbani hakubaliani nami. Yeye kila anayemkamata, hata kwa kijiko, anampeleka kituoni. "Ukiwaachia unawafuga," ananiambia. Siwezi kumbeza. Mtaji wake ni mkopo, na faida ya kijiko ni ndogo kiasi kwamba kimoja kikiibwa unatakiwa kuuza vingi kukirudisha. Ninachomwambia ni kwamba simwachii mtu. Kukaa mbele ya mwenyekiti wa mtaa unaoishi, jina lako linaandikwa, kisha kurudi kila Jumamosi na 1,000 mkononi mbele ya mtu uliyemwibia, si kuachiwa. Katika watu 14 walioko kwenye daftari hadi sasa, wawili walirudia. Wote wawili niliwapeleka polisi.

Makosa mawili niliyafanya njiani. Mwanzoni niliwatoza watu bei mara tatu, nikaita faini. Askari mmoja wa kituoni alinikemea, tena kwa haki: "Dada, faini inatozwa na mahakama. Wewe dai bei ya kitu chako." Tangu hapo sichukui shilingi ya ziada. La pili ni picha. Nilikuwa nabandika ukutani picha za waliokamatwa. Mmoja alikuwa binti wa shule aliyechukua pedi, na siku ya tatu wenzake walikuja dukani si kununua bali kuitazama ile picha na kucheka. Niliibandua jioni ile ile, na zote zilizokuwa pale. Leo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mimi nilibandua kwa sababu ya kicheko kile. Binti alikuwa hajarudi shule wiki nzima. Mama yake alikuja kuniambia, amesimama mlangoni, hakuingia.

Mwaka jana tuliketi wenye maduka wanne wa mtaa wetu, pamoja na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda. Jirani yangu alibaki na msimamo wake na mimi na wangu. Tulipatana jambo moja tu: hakuna anayeita mwizi barabarani. Ukihitaji msaada, unapiga filimbi mara mbili, na vijana wa kijiwe wanakuja kusimama mlangoni, mikono chini, hadi mwenyekiti au polisi afike. Filimbi yangu imening'inia kwenye msumari kando ya droo ya hela. Nimeipiga mara moja. Walikuja sita, wakasimama. Mmoja wao ni yule wa tofali.