Macho mawili ya dishi

Juzi mwanangu alisimama uani, uso juu, mikono kiunoni. "Mama, kwa nini dishi lina macho mawili? Yote yanaangalia wapi?"

Nilimjibu kwamba kila jicho lina setilaiti yake, nikarudi ndani. Sikuweza kuendelea na kazi. Nilikuwa nimeisikia sauti ya marehemu baba ikitoka juu ya ngazi: "Ngapi sasa?"

Kazi tuligawana. Baba juu na spana. Mimi sebuleni, nasoma namba ya ubora wa mawimbi kwenye televisheni. Mama dirishani, anapokea neno langu na kulipandisha. Dishi lilikuwa limeshashika setilaiti ya habari za baba, na sharti lake lilikuwa moja: dishi lenyewe lisiguswe. Ile ya pili, yenye tamthilia za mama, ilikaa digrii 6 mashariki ya ya kwanza, na baba alitaka kuishika kwa kuongeza LNB, yaani jicho la pili la kupokea mawimbi, kwenye mkono uleule.

Watu walimwambia anunue dishi jingine. Hakuona sababu. Setilaiti hizo, alisema, zimepangwa juu ya ikweta kwenye njia moja, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kwa kuwa zinazunguka sawasawa na dunia, sisi tunaziona zimesimama. Mawimbi ya zote mbili yanaligonga dishi letu usiku na mchana. Yanakusanyika mahali tofauti tu.

Mahali hapo ndipo tulipokuwa tukipatafuta tangu asubuhi. Kule juu digrii moja ni zaidi ya kilomita 700. Kwenye mkono wa dishi letu ilikuwa kama sentimita moja. Setilaiti ilikuwa kushoto kwa ile ya kwanza, kwa hiyo baba aliifunga LNB kushoto. Akaisogeza kidogo. Sifuri. Akaiinua. Sifuri. Neno hilo nililisema mpaka likapoteza maana mdomoni.

Kisha mama, badala ya kulipandisha neno langu, akauliza lake. "Baba watoto, mpira ukitoka kushoto ukagonga ukuta, unakwenda wapi?"

Juu kukawa kimya. Hata spana haikusikika. Nilimwona mama mgongo wake tu, viwiko kwenye kizingiti cha dirisha, haongezi neno. Halafu nikasikia nati ikilegezwa. Baba alikuwa anaihamishia LNB upande wa kulia.

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Sasa?"

"Sifu... kumi na nane!"

Ule mstari uliokuwa mtupu tangu asubuhi ulijaa wekundu hadi theluthi. Nilisimama. Arobaini na mbili. Baba akaizungusha LNB kwenye kishikio chake polepole, kama mtu anayerekebisha saa, na mstari ukageuka kijani: hamsini na saba, sitini na tatu. Kwenye kidirisha cha pembeni ikatokea picha, mwanamke akisoma habari kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mama aliacha dirisha akaja kusimama nyuma yangu, mkono begani kwangu. Tukamtazama mwanamke yule kana kwamba ni mgeni tuliyemsubiri kwa miaka. Nje baba alikuwa anaita, "Ngapi? Jamani, ngapi?" na hakuna aliyemjibu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Swichi ya DiSEqC iliunganisha LNB zote mbili na waya mmoja. Ukibadilisha stesheni, king'amuzi hutuma amri kwa mlio wa kilohezi 22 kupitia waya huohuo, na swichi inajua iamshe jicho lipi.

Lakini wageni walipokuja na baba akawasimulia, mpira haukuwamo kwenye hadithi. Niliingoja sehemu hiyo kila mara. Mama alimimina chai na kunyamaza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, setilaiti ya mama ndiyo iliyotangulia kupotea. Mawimbi yake yalikuwa dhaifu, na jicho la pembeni halipati nguvu yote ya dishi. Wiki ile baba alilivunja sharti lake mwenyewe. Alilegeza dishi, akalielekeza upya, akaipa setilaiti ya mama katikati, na ile ya habari zake akaisogeza pembeni. Ndivyo mafundi wanavyoshauri: dhaifu ikae katikati, yenye nguvu itajitegemea. Inawezekana alifuata ufundi tu. Inawezekana pia alikuwa anajibu lile swali la dirishani. Nimelifikiria mara nyingi bila kupata uhakika.

Jioni nilimpigia mama simu, nikamuuliza kuhusu mpira.

"Mpira gani?" akasema. Kisha akacheka kidogo, akaniuliza kama watoto wameshakula.

Nilipotoka uani, mwanangu alikuwa anapiga mpira ukutani, amesimama kushoto. Nikaenda kusimama kulia.