Vurugu zenye mizani: fasihi ya kale na wanafunzi wangu Eastlands

Chama chetu cha fasihi hukutana Ijumaa baada ya masomo, saa ambayo mawazo ya wanafunzi wa kutwa yameshapanda matatu. Muhula huo mada ilikuwa vurugu katika fasihi ya kale. Nilipouliza vurugu ni nini, walijibu kwa kauli moja: vita, maandamano, vitoa machozi. Mtoto wa Nairobi atajibu nini kingine? Tatizo ni kwamba kwa jibu hilo, kila kitabu kinageuka orodha ya waliokufa.

Nikaacha vitabu vizima, nikachukua vipande, na kila kipande nikakiulizia swali moja: hapa palikuwa na utaratibu gani kabla haujavunjika?

Tulianza na Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, pale mfalme akishauawa farasi wake wanatafunana. Walicheka, tukasonga mbele. Kazi hasa ilikuwa Juliasi Kaizari, tamthilia nyingine ya Shakespeare katika tafsiri ya Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Katika kitendo cha tatu, umati unamkuta Cinna, mshairi aliyeshiriki jina tu na mmoja wa waliomuua Kaizari. Wanamuuliza jina lake, anakokwenda, anakokaa, na kama ameoa.

Mara ya kwanza waliigiza kwa makelele, mabawa ya madirisha yakatetemeka, na hakuna aliyesikia neno. Nikawaambia warudie, safari hii waulize kwa sauti ya karani anayejaza fomu. Darasa likatulia. Cinna akajitetea kwamba yeye ni mshairi. Wakamjibu kwamba basi afe kwa mashairi yake mabaya.

“Mwalimu, hawa wana utaratibu kabisa,” akasema msichana wa nyuma. “Wanamhoji vizuri, ila majibu hawayataki.”

“Kwa hivyo hata angetoa kitambulisho?” mwenzake akauliza.

Hapo wakakumbuka wenyewe vile mtu akipigiwa kelele za mwizi sokoni huwa hana nafasi ya kujieleza. Sikuongeza mahubiri. Walikuwa wameshafika.

Kisha nikawaletea Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu kuanguka kwa Pate, mji wa kale wa Waswahili kisiwani karibu na Lamu. Lugha yake iliwalemea, nikawafafanulia kwamba madaka ni vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa vyombo vya thamani, na nyuni ni ndege:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Wakahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kwa vidole juu ya dawati: kumi na moja, kumi na moja. Vina vimekaa. Mji umebomoka, lakini shairi halina ufa. Mvulana mmoja hakuridhika. Alisema mtu mwenye uchungu wa kweli hana muda wa kuhesabu silabi, angeandika kombokombo. Msichana wa nyuma akampinga: kama kila kitu kimeporomoka, mizani ndiyo kitu pekee ambacho mshairi bado anakimudu. Mimi nilikuwa upande wa msichana, na nadhani ilionekana usoni mwangu.

Zoezi likawa kutunga beti mbili za arudhi, yaani zenye kufuata kanuni za vina na mizani, kuhusu fujo yoyote wanayoijua. Wengi walichagua kituo cha matatu wakati wa mvua. Yule mvulana alileta shairi huru, mishororo imepindapinda makusudi, na chini yake ameandika sababu ukurasa mzima. Nililipokea. Hoja yake bado sijaweza kuiangusha.